Mzee wangu ana pensheni, mama mkubwa hana hata senti ya mfuko. Mbona kumbukumbu zao zimepishana hivi?

Mgosi wa Barabara ya 12

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, asije akaniandikia "fupisha".

Niko Tanga mjini. Baba yangu ana miaka 71. Alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, akastaafu 2014 alipofikisha miaka 60. Enzi hizo walimu walikuwa mfuko wa pensheni wa PSPF, kabla mifuko haijaunganishwa 2018 ikazaliwa PSSSF, na mkupuo wao, ile sehemu ya mafao unayopewa mara moja ukistaafu, ulikuwa asilimia 50. Mzee hakutoka mikono mitupu. Akanunua kiwanja mbele ya Kange, unaelekea Pongwe, akapiga nyumba ya vyumba vitatu, bati la rangi, ukuta, geti. Siku ya kuhamia tulisoma maulidi, watu wakala pilau, wakasema mwalimu kamaliza.

Siku ile sikuona kitu. Miaka 26 tulikuwa wapangaji Ngamiani, barabara ya 12, na mzee hakuwahi kukaa ndani kuanzia alasiri mpaka isha. Akitoka msikitini anaketi kwa muuza kahawa, finjani mbili, kashata moja, halafu bao. Pale kibarazani wanambishia kila kitu: Coastal na African Sports, bei ya nazi, maana ya ndoto ya mtu. Wazazi wa wanafunzi wakipita wanamsimamisha. Akichoka anapanda baiskeli yake anazunguka mpaka Raskazone kupunga upepo. Kule Kange jirani wa kushoto ana ukuta, wa kulia ana ukuta na mbwa. Pensheni inaingia benki, mimi au mdogo wangu tunamtolea, dada wa kazi anapika, maji yako bombani. Hakuna kinachomtoa nje. Mama alipofariki 2019 hata yule wa kubishana naye ndani akawa hayupo.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Ramadhani iliyopita kashika tende mkononi ananiuliza kama wameshaadhini, namjibu, anauliza tena. Huyu ni mtu aliyekuwa anagawanya namba za tarakimu tano kichwani. Sasa anampa bodaboda noti ya elfu kumi kwa safari ya elfu mbili na anaingia ndani bila kusubiri chenji. Mwaka jana akapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akatuma laki moja na elfu themanini. Hakuwa anadaiwa na mtu. Kisha akapitiwa na uhakiki wa wastaafu, pensheni ikasimama miezi miwili, na hakutuambia kwa sababu hakugundua kama imesimama.

Sasa upande wa pili. Mama mkubwa, dada wa marehemu mama, ana miaka 74, yuko palepale Ngamiani. Hajaajiriwa hata siku moja, hana mfuko, hana kadi. Alfajiri anakaanga vitumbua na kupika chai. Macho hayaoni vizuri, magoti yamegoma, daftari hana. Lakini anajua nani alikula viwili Jumanne, nani alilipa mia tano akabakisha mia mbili, nani anajificha kwa kupitia barabara ya 14. Vijana wa bodaboda wanamwita Benki Kuu. Umdanganye shilingi hamsini uone.

Nyumbani tumegawanyika. Mdogo wangu anasema pensheni ndiyo imemlegeza mzee, mtu asiye na cha kuhangaikia akili inalala. Dada yetu aliyeko Dar anasema tuongeze msaidizi wa pili ili mzee asishike hata kijiko. Mimi naona hao wawili wote wanamzika mapema. Wenye ujuzi naomba mnisaidie: pesa ya uzeeni inalinda akili au inaiozesha?

Kiboko ya Mkwakwani

Mzee wako alibahatika kutangulia. Waliostaafu baada ya Julai 2022 wamekutana na kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mkupuo, cha asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ndiyo ikapandisha kidogo, 40 kwa wale ambao kundi lao lilikuwa likipata 50, na 35 kwa waliokuwa 25. Mjomba wangu ni wa 33. Hajasahau kitu hata kimoja, hasira zinamweka macho usiku kucha.

Mgosi wa Barabara ya 12

Hahaha, mgosi wewe huna dogo. Ila mjomba naye mpeleke apimwe presha.

Dada wa Zamu

Poleni na mzee. Mimi ni nesi, wazee nimewahudumia miaka kadhaa hapahapa mkoani, kituo sitakitaja. Kabla watu hawajaanza kuilaumu pensheni, naomba niulize: mzee amepimwa?

Watu wetu wakiona mtu mzima anasahau wanasema "uzee huo" au wanatafuta mchawi. Uzee unapunguza kasi. Mzee wa kawaida atasahau alipoweka miwani, baadaye atakumbuka. Hilo la kutoa elfu kumi kwa bodaboda na la kutotambua kwamba pensheni haiingii ni jambo jingine, ni hesabu za maisha ya kila siku zinamponyoka. Marekani walipolinganisha rekodi za mikopo na za matibabu wakakuta watu waliokuja kugundulika na demensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, walikuwa wameanza kukosa kulipa bili zao hadi miaka 6 kabla ya daktari kusema neno. Pesa ndiyo inaanza kupiga kelele. Na matapeli wanajua.

Lakini kusahau kuna milango mingi, mingine inafungika. Presha ya muda mrefu inaziba mishipa midogo ya kichwani na mtu anapata viharusi vidogovidogo bila hata kuanguka. Kisukari hivyohivyo. Kuna tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, huzuni ya kufiwa (mama kafariki 2019, wewe mwenyewe umeandika), dawa anazokunywa, na masikio. Masikio, wakuu! Mtu asiyesikia vizuri anajitoa kwenye mazungumzo, mazungumzo yakikosekana ubongo unakosa mazoezi. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja vitu 14 ambavyo vikishughulikiwa vingeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Presha, kisukari, sigara, kutosikia, kutoona, upweke na kukaa bila kutembea vyote vimo. Mshahara na pensheni havimo kwa jina, ila hebu niambie ni kipi kati ya hivyo hakihitaji hela.

Kuna kipimo kilichofanyiwa kazi kwa wazee wetu wa Hai kule Kilimanjaro, hakihitaji mtu awe amesoma. Unamwambia ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, unampa maneno kumi ayakumbuke baadaye, unamuuliza leo siku gani na kiongozi wa kijiji ni nani, unapanga njiti za kiberiti halafu naye apange vilevile. Hukohuko Hai walishahesabu kwamba kwa watu wa miaka 70 na kuendelea, kama 6 katika kila 100 wana demensia. Si wachache.

Mpeleke kwanza. Falsafa ya pensheni itasubiri.

Mchumi wa Mabawa

Dada wa Zamu kasema kweli, lakini swali la pensheni nalo lina watu waliolihangaikia, na majibu yao yanagombana. Nikueleze yalivyo, maana nimekaa nayo muda.

China walianzisha pensheni ya vijijini mwaka 2009, wilaya kwa wilaya, anayefika 60 analipwa. Kwa kuwa haikufika kila mahali kwa wakati mmoja, watafiti wakapata mzani: huku ipo, kule bado. Plamen Nikolov wa Chuo Kikuu cha Binghamton na wenzake wakakuta kwamba penye pensheni wazee walilala vizuri zaidi, wakapunguza pombe na sigara, na bado alama zao za kumbukumbu zikashuka haraka kuliko za wenzao. Kilichoshuka zaidi ni kukumbuka maneno baada ya kupita muda. Maelezo yao: wazee walipunguza kuchangamana na watu na kujitolea kwenye shughuli za jamii, na wanawake ndio walioathirika zaidi. Mdogo wako akisoma hapo atashangilia.

Asishangilie mapema. Watafiti wengine wakachukua takwimu nyingine za wazee wa pensheni ileile ya China, wakapata kwamba iliwaongezea afya na uwezo wa akili. Pensheni moja, nchi moja.

Nenda Mexico, jimbo la Yucatán. Huko walilinganisha miji miwili, Valladolid ambako wazee wa 70 na zaidi walianza kupewa pesa kila mwezi, na Mérida ambako bado. Baada ya miezi sita tu wapokeaji walikuwa na mapafu mazuri zaidi na kumbukumbu nzuri zaidi. Kwa nini? Walikula, walikwenda kwa daktari, walinunua dawa. Afrika Kusini nako, wanaume walikuwa wanasubiri 65 kupata pensheni ya serikali ilhali wanawake wanapata 60. Kati ya 2008 na 2010 wakashusha umri wa wanaume hadi 60. Kule Agincourt, mkoa wa Mpumalanga, wanaume walioipata mapema kwa miaka mingi zaidi walionekana baadaye kuwa na akili nzuri zaidi.

Upande wa waajiriwa, ambao ndio mzee wako, habari inageuka. London wana utafiti wa watumishi wa serikali ulioanza 1985. Waliwafuata miaka mingi kabla ya kustaafu na mingi baada yake, wakaona baada ya kustaafu kumbukumbu ya maneno inashuka kwa kasi iliyozidi ile ya wakati wa kazi kwa asilimia 38. Na hiki ndicho kilichonikaa: waliokuwa na vyeo vikubwa kumbukumbu zao zilishuka taratibu wakiwa bado kazini, wakishastaafu ile kinga ikaisha. Cheo kilikuwa kinawalinda kikiwa kazi. Kilipobaki jina tu hakikuwa na msaada.

Kwa hiyo mimi naangalia pesa imekuja kuchukua nafasi ya nini. Ikichukua nafasi ya njaa na kukosa dawa, akili inapona. Ikichukua nafasi ya watu na shughuli, akili inapungua. Mkupuo wa mzee wako ulinunua ukuta. Samahani kama nimekuwa mkali.

Mgosi wa Barabara ya 12

Hujakosea. Nimeisoma mara mbili nikafunga simu kidogo.

Mkata Katani

Naandikiwa na mjukuu, mimi nasema yeye anabonyeza. Nina miaka 76. Nilikata mkonge mashamba ya upande wa Muheza na Korogwe tangu sijaota ndevu. Baba yangu aliletwa Tanga kama manamba, mimi nikazaliwa kambini. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani, nikiwa mtoto naona magari yanashusha usiku na mchana. Ikaja nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakaota vichaka, sisi vibarua tukaambiwa ahsanteni.

Nawasoma hapa mnabishana pensheni inaozesha akili. Wajukuu zangu, niulizeni mimi nisiye nayo. Mnasema asiye na pensheni anahangaika na akili inachangamka. Usiku nahesabu. Unga, deni la duka, kodi ya chumba, dawa ya mke wangu. Nahesabu mpaka jogoo. Asubuhi mtu ananisalimia kwa jina langu, nami jina lake silioni, na ni jirani yangu. Hiyo ndiyo kuchangamka? Kichwa kinafanya kazi kweli, lakini kazi yake yote inaliwa na deni, kinachobaki hakitoshi hata kumkumbuka jirani. Huyo mama wa vitumbua msimsifu sana. Hamjui usiku wake.

Kiboko ya Mkwakwani

Shikamoo mzee. Hapa sina utani.

Mchumi wa Mabawa

Shikamoo babu. Ulichosema kimewahi kupimwa, na waliopima walikikuta hivyohivyo. Wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, hulipwa pesa nyingi mara moja baada ya mavuno, na miezi ya kabla wanaishi kwa kukopa na kuweka vitu rehani. Watafiti wakawapa maswali ya kufikiri kabla ya mavuno na baada, wakulima walewale. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Akili zao hazikubadilika kwa miezi michache, ila shida ilikuwa imezishikilia. Matokeo yalitoka 2013. Namuomba radhi babu kwa jinsi nilivyoandika kana kwamba wasio na kitu wako salama.

Mkata Katani

Marahaba. Huyo aliyepima India angekuja Muheza ningempikia chai.

Yakhe wa Wete

Mimi ni wa ng'ambo hapo, Pemba, nakuja Tanga na majahazi tangu udogo. Kwetu Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi analipwa pensheni jamii, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ilianza na elfu ishirini kwa mwezi. Mtu wa bara anacheka, elfu ishirini kitu gani. Basi sikilizeni habari ya bibi yangu.

Kwanza ile siku ya kupokea ilikuwa harusi. Anafua kanga jumapili, anapaka hina, anatuma mtoto kuuliza kina fulani nao watakwenda saa ngapi. Wanakaa kwenye mkeka wanangoja foleni, wanakumbushana nani kafa, nani kaolewa, nani alimwibia nani kuku mwaka ule wa mapinduzi. Anarudi jioni sauti imekauka. Pili, pesa yenyewe haikumtosha kukaa kitako. Alinunua samli, sukari, akampa kila mjukuu mia mbili, akaanza tena upatu na mashoga zake aliouacha kwa kukosa cha kuchangia. Mwenye upatu lazima akumbuke zamu ya nani, na bibi hakubali kupunjwa zamu. Mie naona elfu ishirini ile ilimrudisha kwa watu. Ya mwalimu wako imemtoa.

Siku hizi kila kitu kinaelekezwa kwenye simu. Rahisi, sawa. Lakini mkeka je?

Bintiye Makorora

Hapo kwenye simu naomba niongeze. Baba yangu mdogo naye mstaafu. Zamani alikuwa anapanga foleni benki tarehe za mwisho wa mwezi, analalamika jua, anakutana na wenzake wote wa kiwandani. Tukamwekea kila kitu kwenye simu tukidhani tunamsaidia. Sasa hana sababu ya kuvaa kanzu safi tarehe 25. Sijui niseme tumrudishie foleni? Nitaonekana mwendawazimu.

Mdogo Mtu

Mimi ndiye mdogo wake aliyeanzisha uzi, nimeuona kwa bahati mbaya. Sikusema mzee anyang'anywe pensheni kama kaka anavyonichora. Nilisema kadi tuishike sisi kwa sababu ya matapeli, na asaidiwe apate kazi ya kufanya. Wakuu, kama mnawaza tumrudishe Ngamiani, nyumba ya Kange ni jasho la miaka 34 la mzee. Nani atamwambia jasho lake ndilo limemdhuru? Nenda wewe ukamwambie.

Mgosi wa Barabara ya 12

Mdogo wangu, tuongee kwa simu.

Dada wa Zamu

Na mnaojadili nyumba, kuna mtu kasahaulika. Mama mkubwa wa vitumbua, kwa miaka 74, macho hayaoni vizuri. Presha yake kapima lini mara ya mwisho? Akili nzuri ya leo haimkingi na kiharusi cha kesho. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema mzee wa 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, lakini mkiwa na uzoefu mnajua kumwona daktari bure na kupata dawa zote bure ni vitu viwili. Babu Mkata Katani kasema, hamjui usiku wake. Naomba mkampime.

Mgosi wa Barabara ya 12

(wiki tano baadaye)

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Sikuandika mapema kwa sababu mambo hayakwenda kwa mstari.

Kwanza kumpeleka mzee hospitali ilichukua siku kumi za ubishi. "Mimi si mgonjwa, mimi mwalimu." Nikamwambia ni uhakiki mwingine, akakubali. Nimedanganya, Mungu anisamehe. Wamempima. Sukari iko juu na hatukujua. Sikio la kulia lilikuwa limeziba nta ngumu, wakalisafisha, la kushoto lenyewe limepungua usikivu. Kile kipimo cha maneno alikumbuka mawili kati ya kumi. Njiti za kiberiti alizipanga sawasawa kuliko mimi, akamsahihisha na nesi. Daktari hakunificha: kuna kitu kimeanza, atafuatiliwa kila baada ya miezi mitatu, wakati huohuo sukari ishughulikiwe. Kwenye gari mzee akaniambia, "Kumbe lile feni la wodini lina kelele." Miaka mingapi hajasikia feni?

Pili, mama mkubwa. Huyu ndiye aliyenivunja miguu. Presha 190 kwa 110. Alikuwa anajua! Aliandikiwa dawa miaka mitatu nyuma, akawa anakunywa kidonge kimoja baada ya siku mbili ili kopo lifike mwisho wa mwezi, mwezi wa unga kupanda bei hakunywa kabisa. Yeye anayekumbuka deni la mia mbili la kila mtu, la kwake hakulisema kwa yeyote. Nikakumbuka maneno ya Mkata Katani, nikaona haya.

Nyumba ya Kange hatujaigusa, mdogo wangu alikuwa na haki hapo. Ila pensheni tumekaa tukaipangia kazi mbele ya mzee mwenyewe, yeye ndiye aliyepiga hesabu kwenye karatasi, akakosea mwezi lakini hakukosea kujumlisha. Dawa za shemeji yake zinatoka humo. Bajaji ya kumpeleka Ngamiani saa tisa na kumrudisha baada ya isha inatoka humo. Dada wa Dar aligomba kidogo, "mnamtesa mzee na jua," kisha akatuma hela ya miwani ya mama mkubwa. Kadi ya benki anayo mzee, ila kiwango cha kutuma kwa simu tumekishusha chini kabisa, na akipokea ujumbe wowote wa pesa anampigia mdogo wangu kwanza. Ameshampigia mara nane. Mara moja ilikuwa tapeli kweli.

Wiki ya kwanza kibarazani alikaa kimya kama mgeni. Wenzake watatu wameshafariki, muuza kahawa ni mtoto wa yule wa zamani. Siku moja alipotea kati ya barabara ya 12 na ya 15, mitaa aliyoishi miaka 26, kijana wa bodaboda akamleta. Sitaki mtu asome uzi huu aseme tumepata dawa. Bado anauliza adhana mara mbili.

Lakini mama mkubwa, kwa kuwa macho yake ni mabovu, amemkabidhi daftari. Daftari la kwanza maishani mwake. Yeye anataja kichwani, mwalimu anaandika, na kila jioni wanalinganisha. Juzi wakagombana robo saa nzima juu ya mia mbili ya fundi baiskeli, mama mkubwa anasema bado anadaiwa, mzee anasema kalipa, kibaraza chote kimegawanyika pande mbili, bao limesimama kete mkononi. Wakamwita fundi. Kumbe kalipa kweli, Benki Kuu ndiyo iliyokosea.

Jana saa mbili asubuhi, bado niko kitandani, mzee ananigongea dirisha. Kavaa kanzu. Anataka bajaji ije mapema, akamkumbushe shemeji yake ile mia mbili.

Dada wa Zamu

Saa mbili asubuhi, na ubishi ulikuwa jana yake jioni?

Mgosi wa Barabara ya 12

Jana yake jioni. Na jina la fundi alilitaja.

Mkata Katani

Mjukuu, niulizie hicho kibaraza kiko barabara ya ngapi.